Kumlinda Asiyetafuta

Watoto wengi ninaowajua waliokutana na picha za ngono mtandaoni hawakuwa wakizitafuta. Mmoja alitaka katuni, mwingine wimbo, mwingine goli la jana usiku. Nimeishi na jambo hili tangu 2020, nikiwa na watoto wa rika mbalimbali chini ya paa moja, na kadiri nilivyojifunza kuchuja tovuti kwenye mtandao wa nyumbani ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba chujio ni kwa ajili ya yule asiyetafuta. Anayetafuta ana haja nyingine, na hiyo haimalizwi na mashine.

Serikali ya Tanzania ilifunga shule tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini. Kwetu Tabata, Dar es Salaam, tulikuwa na binti yangu wa darasa la nne, mdogo wake aliyekuwa bado hajaanza shule, na kijana wa mdogo wangu aliyekuwa ameingia kidato cha kwanza. Mama mkwe, ambaye sote tunamwita Bibi, alikuwa chumba cha mbele, shemeji yangu chumba cha uani. Kabla ya hapo, intaneti kwetu ilikuwa bando kwenye simu ya mtu mzima. Mtoto aliomba simu, akaangalia kitu kimoja viwili, simu ikarudi kwa mwenyewe kabla MB hazijaisha. Sasa walimu wakawa wanatuma kazi kwa WhatsApp na kuwaelekeza watoto kwenye masomo ya video, na simu za wazazi hazikutosha. Tukaingiza mtandao wa nyumbani: ruta moja sebuleni, malipo ya mwezi, matumizi bila kikomo. Watu hawasemi vya kutosha kwamba ufukara wa bando ulikuwa ukiwalinda watoto wetu kwa kiasi fulani. Siku bando lilipokoma kuhesabiwa, ulinzi huo nao uliondoka.

Siku moja, kwenye kompyuta ya sebuleni, binti yangu alikuwa anatafuta filamu ya katuni ambayo wenzake walikuwa wameiona. Tovuti aliyoipata ilikuwa ya filamu za bure, zile zinazojiendesha kwa matangazo. Katikati ya skrini palikuwa na kitufe kikubwa cha kuchezesha, ila kile hakikuwa kitufe, ilikuwa picha ya kitufe yenye kiungo cha tangazo nyuma yake. Alipobonyeza, ukurasa mwingine ukafunguka wenyewe juu ya ule wa kwanza. Alifunga, akabonyeza tena, ukafunguka mwingine. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma, hakusema kitu mpaka nilipomwuliza.

"Mama, kompyuta imeleta watu hawana nguo." Kisha akaniuliza, "Nimefanya dhambi?"

Nilimkalisha juu ya kigoda nilichokuwa nimekikalia mimi, nikamwambia hajafanya dhambi wala kosa, kwamba kuna watu wazima waliomtegea na wanalipwa kila mtu anapobonyeza pale. Lakini swali lake lilinikaa moyoni kwa muda mrefu. Mtoto wa miaka kumi alikuwa amebeba aibu isiyo yake, na kama nisingemwuliza pale mlangoni angeondoka nayo akanyamaza.

Sisi tuliokulia Dar es Salaam ya miaka ya tisini tunavikumbuka vibanda umiza: benchi za mbao, televisheni moja, mkanda wa Kihindi au wa Bruce Lee mchana, na usiku mikanda ya X kwa watu wazima. Nasi tulijaribu kuchungulia. Lakini mlangoni alikaa mtu aliyekujua, anayemjua mama yako, anayekufukuza kwa jina lako. Hakuwa mtakatifu, biashara yake ilikuwa ileile, ila alijua mtoto ni nani na mtu mzima ni nani. Kwenye skrini ya sebuleni kwangu hapakuwa na mtu wa namna hiyo. Nikaamua awepo.

Kijana wa mtaani kwetu anayefunga mitandao alikuja Jumamosi. Aligeuza ruta, akanionyesha kibandiko cha chini, akaandika kwenye kivinjari namba 192.168.1.1, ukurasa wa ruta ukafunguka. Akaingiza jina na nywila zilizoandikwa kwenye kibandiko. "Mama, hii ndiyo ya kubadilisha kwanza," akasema. "Ukiiacha hivi, mtoto yeyote anageuza ruta, anasoma, anaingia, anafuta kila kitu tulichoweka." Tukabadilisha. Kisha akashuka kwenye sehemu ya DHCP, penye visanduku viwili vilivyoandikwa DNS ya kwanza na ya pili. Akafuta zilizokuwemo, akaandika 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Akahifadhi, akazima ruta, akaiwasha. Hiyo ndiyo kazi yote.

Namba hizo ni za kampuni ya Marekani, Cloudflare, ambayo ilianzisha huduma hiyo ya familia tarehe 1 Aprili 2020, wiki mbili tu baada ya shule zetu kufungwa. OpenDNS walikuwa na huduma ya aina hiyo, FamilyShield, tangu 2010. Zote ni bure, na zote zinafanya kazi kwa njia ileile. Kila tovuti ina jina ambalo watu wanalikumbuka, lakini mashine zenyewe zinatafutana kwa namba. Tangu Paul Mockapetris alipobuni mfumo wa DNS mwaka 1983, kuna kompyuta zinazokaa katikati na kazi yake ni kugeuza jina kuwa namba. Ni kama kumwuliza mjumbe wa nyumba kumi nyumba ya fulani iko wapi. Ukiandika 1.1.1.3 kwenye ruta, nyumba yako nzima inahamia kwa mjumbe mwenye orodha ya nyumba ambazo hamwelekezi mtu. Ukimwuliza jina lililo kwenye orodha hiyo, anakujibu 0.0.0.0, namba isiyofika popote, na kivinjari kinasema tovuti haipatikani. Anayejua njia mwenyewe, au mwenye mjumbe wake wa pembeni, mjumbe huyo hamzuii. Mzazi ajue hilo mapema, asidhani kuwa amejenga ukuta.

Jioni ile nilifungua tovuti ileile ya filamu za bure. Ilifunguka. Nikabonyeza kitufe kile cha uongo, na ukurasa wa pembeni ukatokea ukiwa mweupe, una maneno ya tovuti haipatikani tu. Nilishusha pumzi. Kwa mtoto asiyetafuta, ukurasa mweupe unatosha kabisa: anaufunga, anaendelea na katuni yake.

Wapo wazazi wanaoweka chujio kimyakimya, watoto wabaki wakidhani mtandao umekata. Mimi sikubaliani nao. Baada ya chakula cha usiku tuliwaambia wote, Bibi akiwepo, shemeji akiwepo, kwamba kuna tovuti ambazo nyumba hii haifungui, kwamba katazo ni la wote, na kwamba mtu akikuta kitu muhimu kimefungwa aseme kifunguliwe. Katazo likiwa la watoto peke yao linawafundisha kwamba uchafu ni haki ya mtu mzima inayongoja umri. Likiwa la nyumba nzima, linakuwa desturi ya nyumba, kama kuvua viatu mlangoni.

Tatizo la kwanza tulilokutana nalo lilikuwa picha. Ukitafuta neno kwenye Google ukabonyeza sehemu ya picha, zile picha ndogo zinatoka kwa Google yenyewe, na jina la Google haliwezi kufungwa. DNS haioni ndani ya ukurasa, inaona jina la mlangoni tu. Dawa yake ni utafutaji salama, na kuna huduma zinazoulazimisha kwa nyumba nzima. Tulihamia CleanBrowsing, kwenye chujio lao la familia, 185.228.168.168, ambalo linalazimisha utafutaji salama wa Google na Bing, na kuiweka YouTube kwenye hali yenye vikwazo. Lilifanya kazi, kwa gharama yake. YouTube yenye vikwazo inaficha maoni yote chini ya video, jambo ambalo kwa watoto wadogo nililifurahia, lakini inaficha pia mambo yasiyo na ubaya. Mwaka 2022 kijana wetu, akiwa kidato cha tatu, alikuwa anajisomea mada ya uzazi kwenye baiolojia na akanijia na orodha ya video za masomo zilizofichwa. Alikuwa na haki. Mashine haijui tofauti ya mwili unaofundishwa na mwili unaouzwa. Jioni hiyo nilimfungulia akasoma, na nikaona faida ya kuwa tulisema wazi tangu mwanzo: alikuja kuomba, hakwenda kuchepuka.

Lakini klipu mbaya kuliko zote zilizoingia nyumbani kwetu haikupita kwenye tovuti yoyote. Ilikuja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, imetumwa na mtu mzima, ikajipakua yenyewe kwenye simu ya Bibi na kukaa katikati ya picha za harusi na za misiba. Mjukuu wake mdogo ndiye anayemfungulia Bibi picha. WhatsApp imefungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho tangu 2016, kwa hiyo hakuna ruta wala DNS inayoweza kuona kilichomo. Hapo kinachosaidia ni mipangilio ya simu yenyewe: kuzima upakuaji wa midia wa kiotomatiki, na kuzuia midia ya WhatsApp isionekane kwenye matunzio ya picha. Nilifanya hivyo kwenye simu za wakubwa wote wa nyumba, na mume wangu akaandika kwenye kundi, kwa heshima, kwamba simu za wazee zinashikwa na wajukuu. Kuna waliochukia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayesambaza picha za ngono, na hilo nalo tulilisema. Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika nyumba zetu mtoto hana simu yake, anatumia ya baba, ya shangazi, ya dada wa kazi. Anayechuja ruta akaacha simu za wakubwa amefunga dirisha na kuacha mlango.

Sasa nije kwa anayetafuta.

Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilizuiwa nchini, na ndani ya siku chache watu ambao hawakuwahi kusikia neno VPN, programu inayopitisha mawasiliano kwa njia ya pembeni iliyofichwa, walikuwa wanaelekezana namna ya kuipakua, wazee kwa vijana. Mwaka 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipotaka watumiaji wa VPN wajitambulishe, kila mwanafunzi wa sekondari alishajua VPN ni kitu gani. Kwa hiyo sikushangaa siku nilipoona, juu ya skrini ya simu ya kijana wetu, ile alama ndogo ya ufunguo ambayo Android inaionyesha VPN ikiwa imewashwa. Ndiye yule mwenye mjumbe wake wa pembeni. Vivinjari navyo vimeongeza njia yao: tangu Oktoba 2018 kuna kanuni ya kimataifa ya kupitisha maswali ya DNS ndani ya HTTPS, na kivinjari kikiwashwa hivyo kinaweza kuiruka DNS ya ruta kabisa. Na juu ya yote, bando la shilingi chache linamtoa mtu kwenye mtandao wa nyumbani papo hapo.

Sikumnyang'anya simu. Nilimwita barazani jioni, watoto wadogo wakiwa ndani, nikamwambia nimeuona ufunguo. Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Mama mkubwa, shuleni wote wameshaona. Usipoona unaonekana mtoto." Tukazungumza, na swali lililotoka baadaye, akiwa anatazama sakafu, lilikuwa hili: "Kwani ndivyo inavyokuwa kweli?" Kijana wa miaka kumi na mitano alikuwa anajifunza mapenzi kutoka kwa watu wanaolipwa kuigiza, na hakuwa na mtu mzima wa kumwuliza kama anachokiona ni cha kweli. Nilimjibu nilivyoweza. Nikamwambia kwamba alichokiona ni kazi ya kamera, kwamba wengine mle wamelazimishwa, kwamba mwanamke anaulizwa na anaweza kukataa. Kisha nikampigia kaka yangu, mjomba wake, kwa kuwa kuna mambo ambayo kijana wa kiume anayasikia vizuri kwa mwanamume. Zamani pwani binti alikuwa na somo wake, mvulana alikuwa na jando, na palikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kulitamka hili. Mjini tumeiacha desturi hiyo na hatujaweka kitu mahali pake, tukaiachia intaneti. Mjomba alikuja wikiendi ile na nyingine zilizofuata. Wanatembea, wananunua mishkaki, wanaongea. Sijui wanachoongea na siulizi.

VPN aliiondoa mwenyewe. Nilimweleza pia kwamba VPN ya bure ina gharama, kwa kuwa mwenye programu hiyo anaona kila unakokwenda na anaweza kuziuza taarifa hizo. Simu yake tuliiwekea, kwa makubaliano, DNS ya faragha, mpangilio uliopo kwenye Android tangu toleo la 9. Unaandika family.cloudflare-dns.com, na chujio linamfuata mwenye simu hata akiwa kwenye bando. Angeweza kuitoa kwa vidole viwili. Hilo sote tulilijua tulipokuwa tunaiweka.

Kubeti ndiko kulikoniumiza zaidi, na vichujio vingi vya familia havikugusi kabisa, maana kwa wenye orodha hizo kamari si uchafu. Matangazo yake yako kila mahali, kwenye redio, kwenye jezi, pembeni mwa ile filamu ya katuni. Sheria inasema miaka 18, lakini kijana akiwa na laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine na shilingi mia tano, mkeka wake wa kubeti unapita. Kwa kamari inabidi utumie huduma ya kujisajili inayokuruhusu kuchagua makundi ya tovuti, kama NextDNS, ukawasha kundi hilo. Shemeji yangu alilalamika mara ya kwanza alipotaka kuangalia mkeka wake akakuta kweupe. Mume wangu alimjibu kwamba akitaka kubeti abeti kwa bando lake na nje ya nyumba, watoto wanamwangalia. Alikubali kwa shingo upande. Hata hivyo, kamari inachezeka kwa kubonyeza nyota na reli kwenye simu ya kitochi, bila intaneti yoyote, na hapo chujio halina la kusema.

Huduma za kujisajili zina kitu kimoja ambacho kila mzazi atajaribiwa nacho: kumbukumbu. Unafungua ukurasa, unaona majina ya tovuti zote ambazo nyumba imeziulizia, saa kwa saa, kifaa kwa kifaa. Nilipouangalia niliona, kati ya mengine, jina la tovuti moja ya afya ya wanawake, saa nne usiku. Nyumbani kwetu wanawake ni mimi, Bibi, dada wa kazi na binti yangu. Haikunihusu. Yeyote aliyeuliza alikuwa na sababu ya kuiuliza mashine badala ya kuniuliza mimi, na njia ya kumfanya aniulize mimi si kumvizia. Niliizima kumbukumbu siku hiyo. Mtoto akigundua kwamba chujio ni jicho lako, atalikimbia kwa kila njia, na atakuwa na haki.

Ninajua wapo wanaosema kuchuja ni kuchuja, kwamba mzazi anayefunga tovuti hana cha kumwambia anayewafungia raia mtandao. Nakataa. Mtoto anafungiwa kwa muda, anaambiwa kwa nini, ana wa kumlalamikia anayeishi naye, na siku inafika anafunguliwa. Raia mzima hana lolote kati ya hayo. Kijana wetu alipofikisha miaka 18 tulikaa naye tena barazani, na simu yake ikawa yake. Sasa ndiye anayeitunza ruta kwa ajili ya wadogo zake, na amekuwa mkali kuliko nilivyokuwa mimi. Binti yangu, aliyesimama na mikono nyuma mlangoni mwa jiko, yuko sekondari na ameanza kudai naye afunguliwe YouTube. Tunajadiliana.

Ninalodai mimi nalielekeza kwa kampuni zinazotuletea mtandao majumbani. Uingereza, kuanzia 2013, kampuni kubwa nne za intaneti zilikubali kumwuliza kila mteja mpya kama anataka chujio la familia kabla hajaanza kutumia. Hapa fundi wa kampuni anakuja na ngazi, anatoboa ukuta, anawasha ruta, anapima kasi na kuondoka, na hamwulizi mtu kama kuna watoto. Aulize. Visanduku vya DNS viko palepale kwenye ukurasa alioufungua, na maelezo ya namna ya kuvijaza yangetosha kwenye nusu karatasi ya Kiswahili ndani ya boksi la ruta. Kijana wetu ameiandika nusu karatasi hiyo kwa mkono, pamoja na mipangilio ya WhatsApp kwa simu za wazee, na duka la fotokopi la karibu na kituo cha daladala linamtolea nakala. Nyumba ambayo hakuna anayeweza kuufungua ukurasa wa ruta, anakwenda mwenyewe.